Kanada au Ujerumani? Soma hii kabla hujauza ploti

Siku hizi watu hawaulizi tena kama unaenda majuu, wanauliza unaenda wapi. Uingereza ilifunga mlango wa watunzaji wazee kutoka nje Julai 2025, Marekani haieleweki, na nchi za Ghuba kila familia ina hadithi yake. Yamebaki majina mawili yanayotajwa kwenye kila chama, kila harambee ya nauli na kila matatu ya Thika Road: Kanada na Ujerumani. Mawakala wa hapa mjini wanaziuza zote mbili kwenye bango moja, ilhali ni nchi zinazomtafuta mtu tofauti kabisa.

Msimamo wangu nautoa mapema. Kijana wa miaka ishirini na kitu mwenye KCSE au diploma, asiye na hela nyingi lakini anaweza kukaa darasani mwaka mzima: Ujerumani. Mwenye digrii, chini ya miaka 35, Kiingereza safi, na aliye tayari kuongeza Kifaransa: Kanada. Mwenye familia na kazi nzuri hapa Nairobi asome mpaka mwisho kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi.

Kanada inakupima ukiwa bado Nairobi

Tangu Januari 2015, Kanada huchagua wahamiaji wake wengi wenye ujuzi kwa mfumo unaoitwa Express Entry. Unajaza maelezo mtandaoni, unapewa alama kati ya 0 na 1,200, unaingia kwenye foleni, na kila baada ya muda serikali inawaita walio juu. Hakuna mahojiano wala kumjua mtu.

Tuhesabu kwa mfano. Chukua dada wa miaka 29, hajaolewa, ana digrii moja ya miaka minne, amefanya uhasibu Upper Hill kwa zaidi ya miaka mitatu, na IELTS, mtihani wa Kiingereza, ameipiga vizuri: 8 kwa kusikiliza na 7 kwa hizo nyingine tatu. Umri unampa alama 110, digrii 120, Kiingereza 124. Juu yake anaongezewa 25 kwa kuwa na digrii pamoja na lugha nzuri, na 50 kwa kuwa na uzoefu wa kazi pamoja na lugha nzuri. Jumla ni 429.

Ni alama nzuri na haimfikishi popote. Mwaka 2025 walioitwa kwa sababu ya uzoefu wa kazi ndani ya Kanada kwenyewe walihitaji zaidi ya 500. Watu wa afya waliitwa kuanzia 462 kwenda juu. Zile alama 50 au 200 za mtu mwenye barua ya ajira zilifutwa tarehe 25 Machi 2025, baada ya barua zenyewe kugeuka bidhaa ya kuuzwa. Kwa hiyo ukiona leo mtu anakuuzia barua ya kazi ya Kanada eti ikupandishe alama, unauziwa hewa.

Mpe dada huyo miaka 38 badala ya 29. Alama za umri zinashuka kutoka 110 hadi 61 na hajakosea chochote. Akitimiza 45 umri haumpi hata moja. Hili ndilo jambo ambalo watu wa hapa hawalichukulii kwa uzito: wanakaa miaka mitano wakikusanya pesa, na huku kila siku ya kuzaliwa inawapunguzia kile walichokuwa nacho bure.

Sasa mrudishe kwenye miaka 29 na umfundishe Kifaransa hadi kiwango cha 7 kwa kipimo cha Kanada, ambacho ni karibu na B2 kwenye ngazi za lugha za Ulaya, zinazoanzia A1 hadi C2. Anapata 12 za lugha ya pili na 50 za nyongeza. Anafika 491. Awamu za kuwaita wanaojua Kifaransa mwaka 2025 zilikuwa na kiwango cha chini kati ya 379 na 481, yaani dada wetu angeitwa katika kila moja. Na hawamwombi aende Quebec, mkoa wa Wakanada wanaozungumza Kifaransa. Kanada inawataka wanaojua Kifaransa wakaishi nje ya Quebec, Ontario au Manitoba huko, ambako atafanya kazi kwa Kiingereza chake cha kila siku. Inachekesha kidogo, lakini sheria ndivyo ilivyo kwa sasa.

Alliance Française, wanakofundisha Kifaransa, iko pale Mtaa wa Loita, hatua chache kutoka Goethe-Institut ya Kijerumani iliyo Maendeleo House. Jioni saa kumi na moja, wanaotaka Kanada na wanaotaka Ujerumani wanapishana kwenye lami moja wakiwa na mabegi yaleyale mgongoni. Sijui kama wengi wa wanaotaka Kanada wanajua wanapaswa kuwa kwenye mlango wa Kifaransa.

Njia nyingine ya haki ni mkoa kukuteua. Uteuzi huo unakupa alama 600 kwa mpigo na mambo yameisha, ila mikoa mingi sasa inawapendelea walio tayari ndani ya nchi, na serikali kuu imepunguza idadi. Oktoba 2024 Kanada ilitangaza kwamba wakaazi wa kudumu wapya mwaka 2025 wangekuwa 395,000, wakati mpango wa awali ulikuwa 500,000. Kwa 2026 lengo ni 380,000. Mlango haujafungwa, umesogezwa tu ukabaki nafasi ya kupita upandeupande.

Kuhusu kwenda kama mwanafunzi, nitasema bila kuzunguka: hapa ndipo mashamba yanapouzwa, na hapa ndipo nisingeuza. Kuanzia Septemba 2025 mwanafunzi mmoja anatakiwa kuonyesha dola 22,895 za Kanada za kujikimu, ambazo ni zaidi ya Sh2 milioni, kabla ya karo ya mwaka wa kwanza na nauli. Vibali vya masomo viliwekewa kikomo tangu Januari 2024. Ukiwa masomoni unaruhusiwa kufanya kazi saa 24 kwa wiki. Kozi nyingi za vyuo vya kati hazikupi tena kibali cha kazi baada ya kuhitimu isipokuwa ziwe kwenye fani zilizoorodheshwa, na mwenzi wako hapati kibali cha kazi kirahisi kama zamani. Tangu Januari 2025 ni hasa kwa wenzi wa wanaosoma shahada ya uzamili ya miezi 16 au zaidi na ya uzamivu. Wazazi wengi bado wanapewa hesabu ya mwaka 2019.

Na ile ya kuingia na viza ya kutembea halafu "utajipanga hukohuko"? Ruhusa ya muda iliyowawezesha wageni kuomba kibali cha kazi wakiwa ndani ilifutwa Agosti 2024. Majira ya joto ya 2023 waomba hifadhi kutoka Afrika, Wakenya wakiwemo, walilala kando ya barabara pale Peter Street mjini Toronto kwa sababu makazi ya muda yalikuwa yamejaa. Picha zilizagaa hapa kwetu, na maombi ya viza yakaendelea kama kawaida.

Ujerumani inakufungulia, kisha inaendelea kukuuliza

Tarehe 13 Septemba 2024, mjini Berlin, Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba wa uhamiaji, Rais William Ruto na Kansela Olaf Scholz wakiwepo. Papo hapo ikavuma kwamba kuna nafasi 250,000. Serikali ya Ujerumani ilikanusha. Mkataba hautaji idadi yoyote. Bado naiona namba hiyo kwenye mabango ya mitaani. Kitu ambacho mabango hayasemi ni kwamba mkataba huohuo unahusu pia kurudishwa nyumbani kwa Wakenya walio kule bila vibali.

Mkataba haukuondoa masharti. Ulirahisisha njia kwa anayeyatimiza, na sharti la kwanza ni Kijerumani.

Njia ninayoiona inafaa Wakenya wengi zaidi ni Ausbildung, mafunzo ya kazi ambayo unasoma darasani na kufanya kazi kwa mwajiri mmoja, ukilipwa mshahara tangu mwezi wa kwanza. Nyingi ni kati ya miaka miwili na mitatu na nusu. Uuguzi ni mitatu. Unahitaji cheti cha sekondari kinachotambulika, Kijerumani cha B1 kwa uchache (hospitali nyingi zinataka B2), na mkataba na mwajiri. Muuguzi mwanafunzi kwenye hospitali za umma hupata zaidi ya euro 1,300 kwa mwezi kabla ya makato. Hakuna karo. Ukimlinganisha na mwanafunzi wa Kanada anayelipa ili asome, tofauti ni ya kutisha.

Binti wa shangazi yangu anasoma uuguzi Magdeburg. Alifaulu B2 hapa Nairobi, tukala nyama kusherehekea. Wiki yake ya kwanza wodini alinipigia. "Kaka, B2 ya mtihani na B2 ya nyanya wa miaka tisini wa huku ni vitu viwili." Zamu ya asubuhi inaanza kwa makabidhiano: wa usiku anawasomea wa asubuhi hali ya kila mgonjwa, haraka, kwa lafudhi ya kule, na vifupisho vya hospitali. Yeye alikuwa na daftari dogo la mfukoni, anaandika neno kama alivyolisikia, kwa tahajia ya Kiswahili, kisha anaingia chooni kulitafuta kwenye simu. Ilimchukua miezi kuliacha daftari. Mshahara wake ukishakatwa bima na pensheni unabaki kama euro 1,050. Chumba cha hosteli ya hospitali, chakula, simu, tiketi ya mwezi ya usafiri wa nchi nzima ambayo 2025 ilikuwa euro 58 na 2026 imekuwa 63, na kinachobaki ndicho anachotuma. Si kingi. Lakini hakuna shamba lililouzwa, na shangazi hana deni.

Wengine wanaanza kwa kulea watoto kwenye familia, kama au pair. Uwe na miaka 18 hadi 26, Kijerumani cha A1, na familia inakupa malazi, chakula na euro 280 za mfukoni kwa mwezi. Ni mwaka mmoja tu. Wasichana wengi wa hapa huutumia mwaka huo kupandisha lugha wakitafuta Ausbildung wakiwa kulekule. Kwa asiye na pesa ni mlango wa bei nafuu kuliko yote, mradi uchunguze familia kabla hujakubali, maana utaishi nyumbani mwao.

Muuguzi aliyehitimu KMTC au chuo kikuu ana njia yake: anapeleka vyeti vitambuliwe, anasoma B2, na kwa kawaida anafanya mtihani au kipindi cha kujazia pengo kabla ya kusajiliwa kamili. Mtu wa programu za kompyuta mwenye ofa ya mshahara mzuri anaweza kupata Kadi ya Bluu, kibali cha wataalamu wenye mshahara wa juu. Mwaka 2025 kiwango cha kawaida kilikuwa euro 48,300 kwa mwaka, na fani zenye uhaba zikawa chini ya hapo. Huyu Kijerumani kinaweza kumsubiri kidogo.

Chuo kikuu je? Vyuo vya umma havitozi karo katika sehemu kubwa ya nchi. Baden-Württemberg hutoza wasiotoka Ulaya euro 1,500 kwa muhula. KCSE peke yake haikuingizi moja kwa moja, kwa hiyo njia hii inamfaa zaidi mwenye digrii ya hapa anayeenda kwa uzamili. Unafungua akaunti ya kufungiwa yenye euro 11,904, karibu Sh1.8 milioni, na unaruhusiwa kutoa euro 992 tu kila mwezi. Pesa hiyo ni yako, unaila mwenyewe. Lakini lazima iwepo kwanza.

Halafu kuna Chancenkarte, kadi ya fursa, iliyoanza 1 Juni 2024: unaenda kutafuta kazi kwa mwaka mmoja ukiwa na alama sita, na Kiingereza cha B2 kinaweza kutosha kwenye fomu. Mawakala wanaipenda kwa sababu haihitaji mwajiri. Mimi siipendi kwa Mkenya asiye na Kijerumani. Unatakiwa kuonyesha euro 1,091 kwa kila mwezi utakaokaa, huruhusiwi kufanya zaidi ya saa 20 za kibarua kwa wiki, na mwajiri wa Stuttgart anayetafuta fundi umeme hana muda wa kukutafsiria. Ukiwa na B1 na fani yenye uhaba, sawa, hapo kadi ina maana.

Siku unayotua, una nini mkononi?

Swali hili ni zito kuliko mshahara, na wengi hawaliulizi kabisa.

Aliyepita Express Entry anatua Toronto au Calgary akiwa mkaazi wa kudumu siku hiyohiyo, yeye, mwenzi wake na watoto. Akichukia kazi anaacha. Akitaka kuhama mkoa anahama. Anachodaiwa ni kukaa nchini siku 730 ndani ya kila miaka mitano.

Aliyeingia Ujerumani ana kibali kilichofungwa kwenye kazi au mafunzo yake. Ukitofautiana na mwajiri wa Ausbildung kuna muda wa hadi miezi sita kutafuta mwingine, lakini miezi hiyo hailali mtu. Ukaazi wa kudumu unakuja baadaye: miaka miwili ya kazi kwa aliyehitimu mafunzo ya Ujerumani, mitatu kwa mfanyakazi mwenye ujuzi kutoka nje, na miezi 21 kwa mwenye Kadi ya Bluu anayejua B1. Na familia? Mshahara wa mwanafunzi wa Ausbildung kwa kawaida hautoshi kuonyesha kwamba unaweza kumtunza mke au mume na watoto. Mtu aliyeoa ahesabu miaka mitatu ya mapenzi ya simu. Nimeona ndoa zikipita hapo salama na nimeona zisizopita.

Uraia hauzitofautishi sana. Kanada inataka uwe umekaa siku 1,095 katika miaka mitano. Ujerumani, tangu 27 Juni 2024, inataka miaka mitano na inaruhusu uraia pacha. Ile njia ya haraka ya miaka mitatu ilifutwa 2025. Kwetu, Katiba ya 2010 inakuruhusu kubaki Mkenya.

Kazi, ugonjwa na zamu ya pili

Sheria ya Ujerumani inampa mfanyakazi wa siku tano kwa wiki likizo ya siku 20 za kazi kwa mwaka, na mikataba mingi inafika 28 au 30. Ukiugua, mwajiri anakulipa mshahara kamili hadi wiki sita. Ontario, mkoa wanakotua Wakenya wengi, mfanyakazi wa chini ya miaka mitano ana wiki mbili za likizo, na siku tatu za ugonjwa zisizolipwa. British Columbia ni bora kidogo, siku tano zenye malipo. Mtu akikwambia Kanada na Ulaya ni mamoja, mwulize alipougua mafua alifanyaje.

Upande wa pili wa hesabu ni kwamba Ujerumani haikuachii ukimbie. Saa za kazi zina kikomo cha wastani wa 48 kwa wiki, kazi ya pili inakatwa ushuru mkali, na mtu asiye na mwenzi huona karibu theluthi ya mshahara ikiishia kwenye ushuru na bima. Kanada ni nchi ya zamu mbili. Kima cha chini Ontario ni dola 17.60 kwa saa tangu Oktoba 2025. Wakenya wanatunza wazee mchana na kulinda ghala usiku, na ndio hao wanaojenga Ruiru na Kitengela kwa kasi unayoiona. Kodi ya nyumba ya chumba kimoja mjini Toronto hupita dola 2,000 bila shida, kwa hiyo zamu ya pili si tamaa, ni lazima. Ukitaka pesa ya haraka na mgongo unaruhusu, Kanada inakupa nafasi ambayo Ujerumani haikupi. Ukitaka jioni zako, ni kinyume.

Pesa za kuanzia, kwa viwango vya 2025:

| Njia | Unachoonyesha | Inakuwa yako? |
|---|---|---|
| Kanada, Express Entry, mtu mmoja | dola 15,263 (kama Sh1.4 milioni) | Ndiyo |
| Kanada, mwanafunzi | dola 22,895 na karo juu yake | Karo hairudi |
| Ujerumani, Ausbildung | mkataba. Akaunti ikiwa tu mshahara hautoshi | Ndiyo |
| Ujerumani, uzamili | euro 11,904 | Ndiyo |
| Ujerumani, Chancenkarte | euro 1,091 kwa mwezi | Ndiyo, na huisha haraka |

Watoto

Hapa Kanada inashinda kwa mwenye watoto wakubwa, na sababu ni shule. Mtoto wa Gredi ya Saba kutoka Donholm akiingia shule ya Edmonton anaendelea kwa Kiingereza chake. Ujerumani, mikoa mingi huwagawa watoto baada ya darasa la nne, wakiwa na miaka kumi hivi, wengine wakaelekezwa njia ya chuo kikuu na wengine ya ufundi. Mtoto anayefika na miaka 12 bila neno la Kijerumani anaanza akiwa nyuma, na kuvuka upande wa pili kunawezekana lakini kwa jasho. Mtoto wa miaka mitatu hana tatizo hilo; ndani ya mwaka atakuwa anamrekebisha baba yake sarufi.

Posho ya watoto ipo kote. Ujerumani hutoa kiasi kilekile bila kujali kipato, euro 255 kwa kila mtoto kila mwezi mwaka 2025. Kanada hutazama kipato: mwenye kidogo hupata karibu dola 8,000 kwa mwaka kwa mtoto wa chini ya miaka sita, na inapungua unavyopanda.

Umbali, baridi na watu

Frankfurt ni ndege moja ya usiku kutoka JKIA, na saa zinatofautiana moja au mbili tu na za nyumbani. Ukipigiwa simu ya msiba jioni, kesho unaweza kuwa njiani kuelekea Murang'a. Kanada hakuna ndege ya moja kwa moja, unabadilisha mahali, na Calgary iko nyuma yetu kwa saa tisa au kumi. Mama anapokupigia baada ya ibada wewe uko katikati ya usiku. Kwa kifungua mimba ambaye kila jambo la ukoo linamsubiri yeye, hili si dogo.

Baridi usiifanye kigezo. Winnipeg na Edmonton hufika nyuzi 30 chini ya sifuri, Ujerumani ni nafuu lakini ina mawingu ya wiki nzima, na kote watu wanavaa koti wanaenda kazini.

Ubaguzi ni kigezo. Chama cha AfD, kinachopinga wahamiaji, kilipata asilimia 20.8 ya kura Februari 2025 na kuwa cha pili bungeni, na Septemba 2024 kilikuwa cha kwanza jimboni Thuringia, mashariki mwa nchi. Baadhi ya nafasi za Ausbildung ya uuguzi ziko mashariki hukohuko, ambako vijana wa Kijerumani wamehama. Binti wa shangazi anasema wodini anaheshimiwa na kwenye tramu usiku anakaa karibu na dereva. Kanada imezoea wageni zaidi, sensa ya 2021 ilikuta asilimia 23 ya watu wamezaliwa nje, ingawa nako mazungumzo kuhusu nyumba na wahamiaji yamechacha. Mwafrika Brampton hageuziwi shingo. Katika mji mdogo wa Saxony atageuziwa.

Wakala anapokuja

Mwajiri wa Ausbildung wa kweli hakuuzii nafasi. Kinachogharimu ni masomo ya lugha, mtihani, viza na nauli, na vyote vina risiti zake. Angalia kama wakala amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na hata akiwa amesajiliwa, mwulize jina la mwajiri kabla ya kutoa chochote. Wazazi wa Uasin Gishu walilipia watoto wao mpango wa masomo wa Finland na Kanada uliopitia kaunti yenyewe, na kufikia 2023 wengi walikuwa barabarani wakidai pesa zao, kwa hiyo muhuri wa serikali nao si kinga. Ule mpango wa Kanada wa watunzaji wa nyumbani uliofunguliwa 31 Machi 2025 ulijaa siku ileile; anayekuuzia nafasi humo leo anajua anachofanya.

Zingatia pia tarehe. Matokeo ya IELTS yanaisha baada ya miaka miwili na tathmini ya vyeti kwa ajili ya Kanada baada ya mitano, kwa hiyo usifanye IELTS leo kama Kifaransa utakimaliza mwaka ujao. Kwa Ujerumani, mafunzo mengi huanza Agosti, Septemba au Oktoba. Anayemaliza B2 mwezi Juni bila mkataba ajue kwamba anatafuta nafasi ya mwaka unaofuata.

Na wale wanandoa wa miaka 38 na 35, wenye watoto wawili, mmoja benki na mwingine mwalimu? Ausbildung haiwafai. Kanada inawaruhusu kuchagua nani awe mwombaji mkuu, kwa hiyo wajaze kikokotoo cha alama mara mbili, mara moja kwa kila mmoja, kabla ya kumlipa mtu yeyote. Mara nyingi mdogo kwa umri mwenye IELTS kali ndiye wa kuongoza, hata kama mshahara wake hapa Nairobi ni mdogo. Wasisahau awamu za fani ya elimu zilizoanza 2025, mwalimu anaweza kuwa ndiye mwenye bahati. Ikiwa wote wawili wako chini ya 450, kazi zao haziko kwenye orodha ya fani zinazoitwa na hakuna aliye tayari kusoma Kifaransa, basi pesa za mwaka huu ziendelee kukaa kwenye sako.